Gia inasaga: nichukue giaboksi ya mtumba au nifungue hii hii?

Mzigo_wa_Goba

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kabla hela haijatoka mfukoni. Gari yangu imeanza kusaga gia, tena si kidogo. Juzi naingiza rivasi pale sokoni watu wote wakageuka. Nimeipeleka kwa mafundi wawili. Wa kwanza hakushika hata spana, kasikiliza kidogo akasema giaboksi kwisha habari yake, nitafute ya mtumba kutoka Japani, laki sita na nusu mpaka gari inatoka. Wa pili anataka aishushe hii hii, aifungue, aweke beringi na sinkronaiza mpya (zile ringi za kulinganisha mwendo ili gia iingie), laki nne, ila akamalizia na "hizi kazi bosi hazina garantii". Jirani yangu yeye anasema nimwage oili niweke nzito, hela ibaki nilipe ada ya mtoto.

Nina kama laki saba mkononi na Jumatatu nataka gari irudi kazini. Nyie mngechukua ipi?

Kijogoo_Mbagala

Ngoja waje wataalamu. Mimi nakaa hapa pembeni.

spana17

Mtumba wa Japani, usijiulize mara mbili. Sijajua ni gari gani lakini jibu langu ni hilo hilo.

Gerezani_Kwetu

Spana, hujui ni gari gani na umeshamtumisha laki sita na nusu? Haya ndiyo mambo ya fundi maiko.

Mzigo, hakuna wa kukusaidia humu kama hutajibu haya. Gari gani, ya mwaka gani? Gari ikiwa imesimama, injini inawaka, gia iko nyutro, mguu haupo kwenye klachi, kelele ipo? Ukikanyaga klachi inapotea au ndiyo inaanza? Inasaga wakati unaingiza gia, au gia imeshaingia na gari inatembea? Gia zote au moja? Ukiwa kwenye mteremko ukaweka nyutro, bado inalia? Na oili imemwagwa lini mara ya mwisho, iliwekwa oili gani? Usiniambie "ya gia". Soma kopo.

Dada_wa_Maji

Na uzito unaopakia, usisahau kuutaja. Huwa mnaficha hapo.

Mzigo_wa_Goba

Nilikuwa Tandale napakia, ndiyo narudi hewani. Gari ni Kirikuu, yaani pikapu ndogo ya Suzuki Carry, DA63T ya 2006, ya kuvuta nyuma tu. Natoa mchele na unga Tandale napeleka maduka ya Goba na Madale.

Nikitoka gia ya pili kwenda ya tatu inasaga, hasa asubuhi. Rivasi inasaga karibu kila nikiingiza. Halafu kwenye foleni nikiwa nyutro kuna mlio wa chini chini, krrrrr, nikikanyaga klachi unakata. Nikiachia unarudi. Sikujua kama hilo nalo ni tatizo, nilinunua gari ikiwa hivyo hivyo. Mteremko sijajaribu. Oili sijui kwa kweli, fundi ndiye aliweka.

spana17

Si nilisema. Kila kitu kimekufa hapo. Mtumba.

Gerezani_Kwetu

Hapana. Hizo ni kelele tatu, na kila moja ina mwenyewe. Ukizijumlisha ndiyo unauziwa giaboksi nzima.

Ule wa nyutro unaokata ukikanyaga klachi. Ukiwa nyutro na mguu uko juu, klachi imeshika, kwa hiyo shafti ya kuingilia inazunguka pamoja na injini, na inazungusha shafti ya chini. Ukikanyaga, zote mbili zinasimama. Kelele ikisimama nazo, basi inatoka kwenye beringi za hizo shafti. Ingekuwa kinyume, yaani kimya mguu ukiwa juu na kelele mguu ukiwa chini, ningekwambia ni rilizi beringi, ile inayosukumwa na foki ya klachi. Hiyo haihitaji kufungua giaboksi, unaishusha tu, unabadilisha na klachi pleti ukiwa hapo hapo.

Rivasi. Giaboksi nyingi za zamani rivasi haina sinkronaiza. Meno yanakutana makavu. Ukiwahi kuingiza kabla shafti haijatulia lazima isage, hata gari ikiwa mpya. Fanya hivi: simama kabisa, kanyaga klachi mpaka mwisho, hesabu taratibu mpaka tano, ndiyo uingize. Ikiingia kimya, ni haraka zako. Ikisaga pale pale, klachi yako haiachii vizuri, shafti inaburutwa. Na kabla ya kufikiria mambo makubwa, Kirikuu hiyo klachi yake ni ya waya. Waya ukilegea au ukianza kukatika nyuzi, pedeli inashuka chini lakini presha pleti, ile inayobana klachi pleti, haiachii yote.

Gia ya tatu ndiyo naihisi ni ringi ya sinkronaiza. Lakini sisemi mpaka waya urekebishwe kwanza, kwa sababu klachi isiyoachia inasagisha gia yoyote.

Jaribio jingine la bure: zima injini, pitisha gia zote moja moja. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa na zinasaga ikiwaka, anza na klachi.

Kijogoo_Mbagala

Kumbe rivasi haina sinkronaiza? Na kila siku namlaumu dereva wangu.

Gerezani_Kwetu

Endelea kumlaumu tu, hata hivyo asiingize gari ikiwa bado inasogea mbele.

NjiaPanda_Himo

Mimi naongeza hapo kwenye mteremko ambapo hajajaribu. Niliwahi kuambiwa giaboksi imekufa, kumbe beringi ya gurudumu la nyuma. Ukiweka nyutro gari ikiserereka na mlio ukaendelea vile vile, ukipanda na kushuka kwa mwendo wa gari, toka kwenye giaboksi angalia magurudumu, difu (gia za ekseli ya nyuma) na misalaba ya propela, ile shafti ndefu inayokwenda nyuma. Na ukisikia inalia kwenye gia zote isipokuwa moja, hiyo moja mara nyingi ni gia inayopita moja kwa moja. Kwenye gari nyingi za kuvuta nyuma ni ya nne, nyingine ya tano. Hapo nguvu haipiti kwenye shafti ya chini, ndiyo maana inanyamaza. Unajua basi beringi za chini ndizo zenye kesi.

spana17

Nyie mnaandika vitabu, mtu anataka gari Jumatatu.

Nieleze kwa nini nasema mtumba. Kufungua giaboksi kunataka presi ya kusukumia beringi, kunataka puli ya kuzing'olea, kunataka mtu anayejua kila shimu, vile vibati vyembamba vya kujazia nafasi, ilikaa wapi. Mafundi wangapi wa mtaani wanavyo? Wengi ni nyundo na patasi. Beringi inapigwa kwenye ringi ya ndani wakati inatakiwa isukumwe ya nje, au kinyume chake, inaingia ikiwa imeshaumia. Na beringi zenyewe unazonunua, boksi limeandikwa jina kubwa, ndani kuna kitu cha elfu nane. Mtumba umefungwa na kiwanda Japani, haujaguswa na mtu.

Gerezani_Kwetu

Kwenye nyundo na patasi nakubali, hilo ni janga. Kwenye "haujaguswa na mtu" hapana. DA63T zilianza kutoka 2002 na za mwisho ni 2013. Hiyo giaboksi "kutoka Japani" ya mwisho kabisa ina zaidi ya miaka kumi, na imetolewa kwenye gari lililokatwa kwa sababu fulani ambayo muuzaji hakwambii. Unanunua beringi zenye umri sawa na zako. Tofauti ni kwamba zako unajua zinalia.

Mpwani_Changamwe

Salaam kutoka Mombasa. Hizo Carry nyinyi mnazifaidi. Huku kwetu gari ya mtumba iliyozidi miaka minane haipiti bandarini, kwa hiyo za umri huo tunazitazama kwenye picha tu.

Lakini jamani mbona mnaruka jambo la kwanza? Mafuta ya giaboksi. Ndugu Mzigo hajui ni mafuta gani yamo, na nyinyi mnapigana juu ya kununua giaboksi. Kopo likiandikwa GL-5 peke yake, hayo yametengenezwa kwa difu. Yana dawa nyingi ya salfa na fosforasi ya kulinda meno yanayosuguana kwa nguvu. Kwenye giaboksi, ringi za sinkronaiza ni za shaba, na kazi yake ni kushika. Ringi inashika koni ya gia mpaka mwendo ulingane, ndipo gia inaingia. Mafuta yakiteleza kupita kiasi ringi haishiki kwa wakati, wewe unasukuma, krrr. Na kwenye joto hiyo salfa inaila shaba polepole. Tafuta GL-4, 75W-90 au 80W-90, kisha tazama kitabu cha gari kinasema nini. Nimeona gari iliyokuwa inasaga ya pili ikapona kwa mafuta tu, bila kufunguliwa.

OiliNiOili

Mombasa mnapenda makuu. Mimi naweka 140, ile oili nzito, kwenye kila kitu, giaboksi, difu, mpaka bawaba za geti. Kelele inakata siku hiyo hiyo. Jirani yake Mzigo yuko sahihi.

Mpwani_Changamwe

Inakata kwa sababu umeizika. Uwazi kwenye beringi bado upo, umejaza uji juu yake. Na asubuhi hiyo 140 imelala, ringi haiwezi kuikata filamu ya mafuta ifike kwenye koni. Mwenyewe kasema ya tatu inasaga zaidi asubuhi. Si ajabu ndani yake imo hiyo 140 yako.

OiliNiOili

Dar kuna baridi gani ya kugandisha oili?

Mpwani_Changamwe

Sijasema imeganda. Nimesema ni nzito kabla haijapata moto.

Kijogoo_Mbagala

Sasa na mimi nina swali la oili. Kuna fundi kaweka oili ya injini kwenye giaboksi ya Starlet yangu, 15W-40. Si nyepesi hiyo? Ya gia si inaanzia 80?

Gerezani_Kwetu

Namba za oili ya gia na za oili ya injini hazipimwi kwa kipimo kimoja. 80W-90 ya gia na 15W-40 ya injini uzito wake unakaribiana sana ikishapata moto. Kinachotofautiana ni dawa zilizomo. Kuna magari ambayo kiwanda chenyewe kinaruhusu oili ya injini kwenye giaboksi. Yako sijui, fuata kitabu chake. Na kuna makopo yameandikwa GL-4 na GL-5 pamoja, hayo watengenezaji wanasema hayali shaba. Mimi nayaogopa lakini siwezi kukukataza.

Turudi kwa Mzigo. Kabla hujamwaga oili, fungua kwanza nati ya kujazia, ile ya ubavuni. Ukishaona imelegea ndiyo ufungue ya chini. Watu wamemwaga oili yote halafu nati ya juu ikagoma, gari ikalala hapo hapo. Oili imwage kwenye beseni jeupe, usiimwage chini.

Dada_wa_Maji

Naona spana17 anapigia debe mtumba kana kwamba ana duka. Ngoja niwasimulie.

Nilikuwa na Kirikuu ya kusambaza maji ya chupa, Kimara mpaka Kibamba. Gia ya tano ikawa inachomoka yenyewe. Fundi wangu, kijana mzuri tu, akasema tununue nyingine. Tukaenda naye Ilala kwenye spea za mtumba. Muuzaji akatuletea giaboksi imeoshwa mpaka inang'aa, akaizungusha shafti kwa mkono: "Sikia dada, kimya." Mimi nikasikia kimya kweli. Siku hizi najua kwamba hata giaboksi mbovu inaweza kukaa kimya ukiizungusha kwa mkono. Akachora nati mbili kwa rangi ya njano, akasema rangi ikiwepo nakubadilishia, rangi ikikwanguka mali ni yako. Nikatoa laki tano.

Kuifunga, kwanza mshale wa spidi ukafa. Ilikuwa ya toleo jingine, sehemu ya kuchomeka ya spidi haifanani na yangu. Fundi akasema hilo ni dogo. Nikatembea hivyo, nakisia spidi kwa kuangalia bodaboda. Haikupita muda mrefu, mteremko wa Kibamba nimepakia, nimeweka gia ya pili ili injini inishikie, gia ikachomoka. Gari ikawa huru. Breki zilinishika lakini nilipofika chini miguu ilikuwa inatetemeka.

Nikarudi kwa muuzaji. Akainama, akaangalia, akasema rangi imekwanguka. Na kweli nati moja ilikuwa imekwanguka kwa sababu pale pale ndipo panapofungwa kishikio cha waya wa klachi, huwezi kuifunga giaboksi bila spana kupita juu ya rangi yake. Alijua anachora wapi. Tukazozana mpaka watu wakajaa, mwisho akakubali kunibadilishia nikiongeza laki moja. Ufundi wa kushusha na kupandisha nikalipa mara ya pili. Hii ya pili ilitembea vizuri, ila ilikuwa inavuja sili ya nyuma kwenye propela. Ufundi tena.

Sasa kilichoniuma zaidi. Nikasema ngoja nichukue giaboksi yangu ya zamani kwa fundi, tano tu ndiyo ilikuwa mbovu, nyingine zote nzima, niiweke kama spea. Nikakuta ganda. Gia zangu zimeshafungwa kwenye Kirikuu ya mtu mwingine. Fundi anacheka, ati alidhani sina kazi nayo.

Hesabu nzima ilipita laki tisa. Mzigo, chochote utakachoamua, giaboksi ya zamani ipakie urudi nayo nyumbani, hata kama utaiweka chini ya kitanda.

spana17

Pole dada, ila hilo ni tatizo la muuzaji, si la mtumba. Ungenunua kwa mtu anayekubali ufunge utembee wiki nzima ndiyo umalizie hela.

Dada_wa_Maji

Nitajie mmoja anayekubali hivyo.

spana17

Wapo. Nitakuja inbox.

Dada_wa_Maji

Taja hapa hapa, inbox ya nini?

NjiaPanda_Himo

Bado hatujajibiwa swali la uzito.

Mzigo_wa_Goba

Gunia nane mpaka kumi. Za kilo mia. Si kila siku.

NjiaPanda_Himo

TANI MOJA?

Kijogoo_Mbagala

Hahaha, na mlima wa Goba ule.

Gerezani_Kwetu

Mzigo, hiyo gari kwa sheria ya Japani ya gari ndogo inabeba kilo 350 na injini haivuki cc 660. Wewe unaitwika karibu mara tatu, halafu unapanda mlima. Beringi za shafti zinasukumwa pembeni na meno ya gia kila unapokanyaga mafuta, mzigo ukizidi zinapigwa kwenye sehemu ile ile mpaka zinabanduka ngozi. Na klachi unaichezea mlimani kwa kuishikilia nusu nusu, inaungua, pleti inapinda, inaanza kuburuta. Hapo ndipo rivasi inaposaga. Kila ulichosimulia kinaelezeka kwa hizo gunia.

OiliNiOili

Japani wanabeba kabichi kwenye lami tambarare. Huku tunaongeza pleti za springi za nyuma maisha yanaendelea. Nani Dar anabeba kilo 350? Si bora akodi bajaji ya mizigo.

Gerezani_Kwetu

Springi umeongeza, beringi za giaboksi umeziongeza?

Mpwani_Changamwe

Hapo umemaliza.

Mchuuzi_Mabibo

Wakuu na mimi natumia Kirikuu, ila yangu ni DA16T, ile mpya mpya kidogo, haina pedeli ya klachi. Inasita sana nikiondoka kwenye mlima, kuna wakati inatoa mlio wa kuburuta. Fundi anataka kuniwekea oili ya giaboksi ya otomatiki. Sawa?

Gerezani_Kwetu

Usikubali kwanza. Kuna Carry zilizotoka kuanzia 2014 zenye mfumo unaoitwa AGS. Ile ni giaboksi ya klachi kabisa, ndani ina klachi pleti na sinkronaiza kama ya Mzigo, ila kuna mtambo juu yake unaokanyaga klachi na kubadilisha gia kwa niaba yako. Lakini pia zipo DA16T za otomatiki ya kawaida. Angalia kwenye kishikio cha gia pameandikwa nini halafu fungua uzi wako, tusimchanganye huyu.

Mzigo_wa_Goba

Nimerudi. Nimefanya mlivyosema, ngoja nieleze.

Injini imezimwa: gia zote zinaingia laini, hata ya tatu. Nikawasha, nikahesabu mpaka tano, rivasi ikasaga. Yule fundi wa pili, wa laki nne, akaangalia waya wa klachi. Nyuzi kadhaa zilikuwa zimekatika pale unapoingia kwenye ganda. Ameweka mpya, akaurekebisha. Rivasi sasa nikisubiri kidogo inaingia kimya. Kweli.

Ya tatu imepungua lakini bado, nikibadilisha haraka inagonga. Mlio wa nyutro uko pale pale haujabadilika. Mteremko nimejaribu, nyutro mlio haupandi wala kushuka na mwendo wa gari, kwa hiyo si magurudumu.

Tumemwaga na oili kwenye beseni. Nyeusi, nzito. Kwenye sumaku ya nati kulikuwa na tope la kijivu kama grisi. Halafu chini ya beseni kuna vumbi la njano linalometameta, ukilisogeza sumaku halifuati. Na kipande kimoja chembamba, kama ngozi ya chuma, urefu wa ukucha. Fundi anasema kawaida. Ni kawaida?

Gerezani_Kwetu

Tope la kijivu ni kawaida kwa gari ya umri huo. Vumbi la njano lisilofuata sumaku ni shaba, ndiyo ringi zako za sinkronaiza zinakwisha, na ya tatu imekwambia kabla yetu. Kile kipande chembamba ndicho sikipendi. Ndiyo hiyo ngozi ya beringi niliyosema. Ukikaa nayo siku moja kinaingia katikati ya meno.

Huyu fundi aliyeanza na waya badala ya kushusha ana akili. Mwulize ana presi? Kama hana, akishashusha na kufungua, shafti zipelekwe karakana yenye presi zikatolewe beringi na kurudishwa, ni hela kidogo.

spana17

Beringi zote, ringi ya tatu na labda ya pili, sili, oili, presi, ufundi. Laki nne aliyosema itakuwa laki sita kabla hajafunga kifuniko. Mtumba laki sita na nusu. Hesabu ndogo tu hii.

Mpwani_Changamwe

Na ringi asipozipata mpya? Huku watu hutoa ringi kwenye giaboksi nyingine iliyokufa, unakuwa umefunga mtumba ndani ya yako.

Dada_wa_Maji

Hilo nalo kweli. Mzigo, kabla hajaishusha, mwambie akuonyeshe beringi na ringi mkononi. Usishushe giaboksi halafu ndiyo uanze kutafuta spea, gari itakaa juu ya mawe mwezi.

Mzigo_wa_Goba

Beringi anasema zipo Kariakoo, anasoma namba kwenye ya zamani analeta. Ringi ndiyo ameshindwa kuniahidi.

Kuna kitu kingine kimetokea. Kuna mzee hapa Tegeta ana Kirikuu DA63T imekufa injini, iko uani kwake imeota majani, anaiuza yote milioni moja na laki mbili. Anasema giaboksi ilikuwa nzima wakati injini inakufa. Nikiongeza kidogo napata giaboksi, difu, bodi, viti, na kadi yake. Mnasemaje?

Kijogoo_Mbagala

Chukua haraka kabla spana17 hajafika Tegeta.

OiliNiOili

Bodi tu ya nyuma inarudisha nusu ya hiyo hela.

Gerezani_Kwetu

Iliyokaa uani muda mrefu, beringi zinapata kutu upande ambao oili haikugusa. Unaweza kununua mlio mwingine. Fungua nati ya kujazia uchovye kidole, uone kama oili imeingia maji, ikiwa na rangi ya maziwa achana nayo. Na kadi uhakikishe jina kabla hujatoa hata shilingi.

NjiaPanda_Himo

Mimi ningeuza zote mbili nikanunua Toyota Townace. Tani moja si kazi ya Kirikuu.

Mchuuzi_Mabibo

Townace kwenye vichochoro vya Tandale utapita wapi? Kirikuu inageuka popote.

NjiaPanda_Himo

Inageuka, ila haipandi.

Mzigo_wa_Goba

Inapanda mkuu, gia ya kwanza taratibu. Kesho asubuhi naenda kuichungulia ya mzee, nikirudi nitasema oili ina rangi gani. Kwa sasa natembea na hii hii, gunia nne tu.

Mchuuzi_Mabibo

Swali dogo nje ya mada. Ukipakia gunia kumi matairi ya nyuma unaweka gani? Mimi zile za 145R12 za ply sita zinanipasukia.

Mzigo_wa_Goba

Nami zilikuwa zinapasuka. Niliweka za ply nane, kuna duka Manzese wanazo, ila zinakuwa ngumu, gari ikiwa tupu inaruka kama mbuzi.

OiliNiOili

Punguza upepo.

Gerezani_Kwetu

Usipunguze upepo!